Gitaa la staa, ushahidi uko wapi?

Wapenzi wa nyuzi mambo vipi. Toleo lililopita niligusia gitaa la Kurt Cobain, staa wa rock wa bendi ya Nirvana, ile Martin D-18E ya mwaka 1959 aliyoipiga kwenye shoo ya televisheni ya MTV Unplugged mwishoni mwa 1993, jinsi lilivyouzwa mnadani Marekani Juni 2020 kwa dola 6,010,000, na hata ukipiga dola kwa shilingi 2,500 tu hiyo ni bilioni 15 na ushee, basi toka hapo simu haijalala. Wengine mnauliza mtapataje cha kwenu, wengine mnacho tayari ila hamna uhakika nacho. Nimechagua maswali haya, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kaka fundi vipi, kuna jamaa anauza gitaa la umeme aina ya Stratocaster anasema ilikuwa ya staa mmoja mkubwa wa rock Marekani, eti alizunguka nayo miaka ya 70. Ina sahihi yake mbele na cheti chenye stika inayong'aa, anataka milioni 2 na nusu. Nichukue? Msomaji, Sinza

Mdogo wangu, hiyo hela ishike kwanza. Sahihi inasema kitu kimoja tu, kwamba kuna mtu alipitisha peni pale, haisemi gitaa lilikuwa la nani wala lilipigwa wapi. Mastaa wanasaini magitaa ya watu kila siku nyuma ya jukwaa, gitaa jipya la dukani linasainiwa dakika moja na mwenyewe hata nyuzi hajazigusa, na hapo naongelea sahihi ya kweli maana za kughushi zimejaa sokoni mpaka kero. Angalia pia kama sahihi ipo kwenye ile plastiki ya mbele inayofungwa na skrubu, plastiki ile inaweza kusainiwa peke yake, ikasafiri kwenye bahasha, halafu ikafungwa kwenye gitaa lolote lile.

Na cheti kimetolewa na nani? Kama aliyekitoa ndo huyohuyo muuzaji basi ni neno lake tu limebandikwa stika. Cheti cha maana kinataja seriali namba ya gitaa lenyewe, kina picha yake, kinaeleza lilitoka kwa nani likaenda kwa nani mwaka gani bila kuruka mtu, na aliyekiandika anapatikana ukimtafuta.

Mi hili limenikuta. Miaka kadhaa nyuma nililipa milioni 1 na laki 4 kwa gitaa ambalo muuzaji aliniapia limepigwa jukwaani 1969, cheti kipo, sahihi ipo, nikaja nalo mpaka benchi langu Kariakoo nikafungua plastiki ya mbele nikamulika na tochi ya simu. Sasa mgongoni mwa poti, vile vifaa vya kuzungushia volyumu na toni, huwa kuna namba zimegongwa kwenye bati. Tarakimu tatu za mwanzo ni kiwanda, 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, zinazofuata ni mwaka na wiki, kwa hiyo ukikuta 1376613 hiyo ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 13. Poti zangu zote tatu zilisoma 1378122. Mwaka 1981, wiki ya 22. Nikajiambia labda zilibadilishwa, maana poti zinachakaa na fundi yeyote anabadilisha, hilo siyo kosa, nikasogeza tochi kwenye solda nikaona risasi yote ni ya mkono mmoja, haijawahi kuyeyushwa mara ya pili, vumbi limelala juu yake sawasawa toka poti ya kwanza mpaka ya tatu. Yaani lile gitaa halikuwepo duniani 1969. Iliniuma sana, na siyo hela peke yake, nilikuwa nimeshalipenda.

Kinachomaliza ubishi ni picha na namba. Mbao hazifanani, mistari ya mti kwenye gitaa moja huikuti kwenye lingine, ni kama alama za vidole. Chukua gitaa la Gibson J-160E la John Lennon wa Beatles, ilinunuliwa 1962, ikapotea London Desemba 1963 kipindi cha maonesho yao ya Krismasi, baadae jamaa mmoja San Diego akainunua kama gitaa la mtumba tu akakaa nayo nyumbani miaka na miaka anajipigia zake. Alipokuja kustuka, wataalamu wakalinganisha seriali namba, wakalinganisha mistari ya mbao na michubuko kwenye picha za zamani za Lennon, vyote vikakubali, na Novemba 2015 likauzwa dola milioni 2.41. Kilichoiuza siyo stika.

Kwa hiyo mwambie huyo jamaa akutumie picha ya seriali namba, mgongo wa gitaa lote kwenye mwanga wa jua, kitako cha shingo baada ya kuifungua, na mgongo wa poti. Halafu wewe tafuta picha za huyo staa za kipindi hicho, kuza mpaka uone mikwaruzo, na ukumbuke makovu ya gitaa yanaongezeka hayapungui, kovu likionekana kwenye picha ya 1975 lazima na leo liwepo, likiwa halipo uulize nani alilipaka rangi na lini. Akianza kukwambia kuna mteja mwingine anakuja saa kumi jioni, mwache huyo wa saa kumi alichukue.

Shikamoo kaka. Baba yangu alikuwa anapiga solo kwenye bendi ya shirika miaka ya sabini mpaka themanini. Amefariki mwaka jana, kaacha gitaa la umeme na amplifaya kubwa ya zamani, zile za glopu ndani, viko uvunguni. Baba mdogo anasema ni vyombo vya bendi siyo vya marehemu. Kaka yangu anataka kumuuzia mzungu mmoja anayezunguka kutafuta vitu vya zamani. Mi sitaki viondoke. Nifanyeje? Dada, Magomeni

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa msiba. Barua yako nimekaa nayo siku mbili.

Baba yako mdogo ana haki ya kuuliza. Dansi letu halikwenda kama rock ya Ulaya na Marekani ambako mwanamuziki anaingia dukani ananunua lake, hapa mara nyingi vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park baadae ikawa ya shirika la DDC, JKT na Polisi nao walikuwa na bendi zao, na mpiga gitaa akihama bendi alihama na vidole vyake, gitaa likabaki. Hata Orchestre Super Matimila ya Remmy Ongala, hilo jina Matimila ni la mfanyabiashara aliyekuwa anamiliki vyombo. Remmy ndo aliyekuwa anaimba watu wanalia, ila vyombo vilikuwa vya mtu mwingine na bendi ikabeba jina la huyo mtu.

Sasa ukweli wa kwenu uko sehemu mbili, kwenye chombo na kwa watu, na wa kwa watu uuwahi kwanza kwa sababu wazee wanaondoka. Tafuta waliopiga na baba yako waliobaki, nenda nao taratibu na soda na muda wa kutosha, weka simu irekodi, na usiulize "hili gitaa la baba?" maana utajibiwa ndiyo au hapana basi. Uliza alianza kulipiga lini, lilikuja na vyombo gani vingine, nyimbo gani alikuwa analipigia, akiumwa nani alikuwa analishika, hiki kidoa cha sigara hapa kichwani kilitokea ukumbi gani. Uliza pia bendi ilivyosimama wanamuziki walilipwaje madai yao, maana inawezekana mzee alipewa chombo badala ya hela, inawezekana aliuziwa, inawezekana pia alibaki nacho tu kwa sababu hakuna aliyekuja kukichukua. Kisha fungua lile begi la karatasi zake, kila mzee ana begi la karatasi, soma barua moja moja.

Kwenye chombo chenyewe, geuza gitaa, fungua kifuniko cha nyuma cha amplifaya bila kuichomeka umeme, angalia herufi zilizopakwa kwa rangi, kibati chenye namba ya mali, jina la shirika lililoandikwa kwa brashi. Ukikuta, nakuomba sana, usikwangue na usimruhusu kaka yako asafishe kwa thina ili lipendeze. Watu wengi wanafikiri maandishi ya shirika yanashusha bei. Mi naona ndo roho yenyewe, kwa sababu yale maandishi ndo yanaliunganisha gitaa na bendi, na bendi inaunganishwa na kanda zilizorekodiwa studio za Radio Tanzania (RTD) pale Pugu Road, na kwenye zile kanda mzee wako yupo anapiga. Ukifuta ile rangi kamba imekatika katikati.

Kuhusu kuuza, msiuze kitu ambacho familia haijakubaliana ni cha nani. Gitaa la besi la Höfner la Paul McCartney wa Beatles, aliyoinunua Hamburg 1961, iliibiwa London 1972 na ikaja kurudi mikononi mwake baada ya miaka zaidi ya 50, hakuna aliyesema muda umepita tuache. Kaeni kikao, andikeni mlichokubaliana, msaini wote. Mkiona nyumbani hapafai kuvitunza basi nenda Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert ukaongee nao uso kwa uso. Na mkija kuviuza siku moja, viende na sauti za wazee, nakala za karatasi na picha za jukwaani, na nakala nyingine ya vyote ibaki kwako.

Nakwambia haya kwa uchungu kidogo dada yangu. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, nimekulia kwenye solo zake, nimewauliza wazee wa Morogoro mara kibao gitaa alilopigia liko wapi na sijawahi kuoneshwa. La Cobain tunajua mpaka aina ya mbao. Kwako kipo kimoja uvunguni.

Nina laki 3, nipo chuo, nataka kuanza kukusanya vitu vya mastaa wa rock. Naanzia wapi? Mpenda Queen, Ubungo

Anza na vidogo. Peki (kile kipande cha kukwanyulia nyuzi), fimbo za drum, karatasi ya orodha ya nyimbo iliyobandikwa chini jukwaani, waya wa gitaa uliokatika. Ila vidogo ndo rahisi kudanganyia kwa sababu peki yenye jina la mpigaji inachapwa maelfu na inauzwa dukani kihalali kabisa, kwa hiyo nunua kwa mtu aliyekuwepo kwenye shoo, mwenye tiketi yake, mwenye picha yake siku hiyo, na akuandikie kwa mkono wake alikipataje.

Na kwa kuwa unaipenda bendi ya Queen ntakupa kitu kizuri zaidi. Brian May, mpiga gitaa wao, hatumii peki ya plastiki, anatumia sarafu ya zamani ya Uingereza, sikspensi, na gitaa lake alilitengeneza mwenyewe na baba yake kuanzia 1963, shingo yake imetoka kwenye mbao ya jiko la kuotea moto la zamani. Sikspensi unaipata kwa hela ndogo sana. Haitakuwa yake na usije ukamwambia mtu ni yake, ila ukiisugua kwenye waya utasikia ile krrr ya meno ya pembeni ambayo plastiki haitoi, na hapo utaanza kusikiliza rekodi zake kwa masikio mengine. Mi naona kukusanya kunaanzia hapo, kwenye sikio.

Vitu vya Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, vilivyouzwa London, kwanini havikurudi Zanzibar alikozaliwa? Mzanzibari wa Kariakoo

Ndugu yangu hata mi roho iliniuma Septemba 2023 nikifuatilia ule mnada wa Sotheby's. Piano yake ya Yamaha peke yake ilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni 1.7, vitu vyote kwa jumla karibu milioni 40. Vilikuwa mali ya rafiki yake aliyeachiwa kwenye wosia, na yeye ndo alikuwa na haki ya kuamua. Ukitazama pia, piano ile aliipata 1975 akiwa ameshahama Zanzibar miaka kumi na kitu, ni kitu cha maisha yake ya London. Inasimuliwa alikuwa havuti sigara akiwa kwenye ile piano wala haweki glasi juu yake, na hakuruhusu mtu mwingine aweke. Yaani mwenye kuitunza wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe.

Ukivuka na boti pale Shangani kuna makumbusho yake, nenda. Kinachoweza kuwa cha Zanzibar kweli ni vya utotoni, picha, madaftari, kumbukumbu za majirani wa wazazi wake, na kama kuna familia ya Mji Mkongwe ina picha ya aina hiyo kwenye albamu basi iandike nyuma nani ni nani, leo.

Nimeagiza amplifaya ya Marekani aina ileile anayotumia staa wangu, ya glopu, nimechomeka imetoa moshi. Na gitaa langu nalo linapinda, naishi Kigamboni karibu na bahari. Mzee wa Kigamboni

Shikamoo mzee wangu, pole. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu 230, ukichomeka moja kwa moja kitakachoungua kwanza ni fyuzi ukiwa na bahati, usipokuwa nayo ni transfoma. Usimruhusu fundi aitupe hiyo transfoma hata kama imekufa, ifungwe kwenye mfuko ikae na amplifaya, ni sehemu ya kile chombo. Baada ya matengenezo tumia transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha, soma bati la nyuma uone inakula wati ngapi halafu ongeza nusu yake tena, na kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na wao 60 transfoma yake itapata joto zaidi kidogo kwa hiyo iachie nafasi ipumue. Mara ya kwanza kuiwasha mwambie fundi aunge siriz na balbu ya zamani ya waya wa moto, wati 60 au 100, kukiwa na shoti balbu inawaka kwa nguvu na amplifaya inasalimika. Na mzee wangu tafadhali usiingize mkono ndani hata kama umechomoa, kapasita zinashika mamia ya volti.

Gitaa linataka unyevu wa asilimia 45 mpaka 55 hivi, hewa ya kwetu mara nyingi iko juu zaidi, na upepo wa bahari una chumvi inayokula nyuzi na vichuma vya pikapu, zile zinazonasa sauti ya nyuzi. Liweke kwenye kasha gumu na vile vipakiti vya silika, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Lisilale ndani ya gari mchana hata nusu saa, gundi za zamani zinalainika kwa joto. Stendi yenye mpira nayo iangalie, rangi za magitaa ya zamani zinashikana na mpira zinabaki na alama milele, funga kitambaa cha pamba.

Nataka kuagiza gitaa la 1964 toka nje, kuna shida yoyote forodhani? Msomaji, Mbezi

Ushuru na VAT vinapigwa kwenye bei pamoja na usafiri na bima, siyo bei tupu, kwa hiyo piga hesabu na wakala wa forodha kabla hujalipa. Ukinunua mnadani kumbuka nyundo ikigonga bado kuna ada ya mnunuzi juu yake, mara nyingi robo ya bei au zaidi. Shida kubwa ni mbao: magitaa mengi mazuri ya kabla ya 1969 yana mbao ya rosewood ya Brazili, hiyo iko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, toka 1992, bila vibali vyake gitaa linaweza kuzuiwa. Pembe ya ndovu kwenye daraja la nyuzi nayo hivyohivyo. Sisi wenye mpingo unaokwenda kutengeneza klarineti za dunia tunaelewa kwanini sheria hizi zipo.

Gitaa la zamani lina nyuzi zina kutu, nibadilishe au niache kama zilivyo? Wengi wameuliza hili

Badilisheni, kutu inakula freti, na gitaa lisilopigwa linakufa taratibu. Ila kama kuna uwezekano nyuzi hizo zilifungwa na mwenyewe mnayemheshimu, toa mmoja mmoja, zungusha duara, weka kila mmoja kwenye bahasha yake ya karatasi na siyo nailoni, andika ni wa ngapi na tarehe ulioutoa.

Na dada wa Magomeni hili ni lako pia. Kabla mtu yeyote hajashika koleo, piga picha kichwa cha gitaa kwa karibu sana, mbele na pembeni, uone mzee alivyokuwa anazungusha waya kwenye vile vichuma vya kukazia, mizunguko mingapi, ncha kaikunja au kaikata. Kila mpigaji anafunga kivyake, na wale wazee wenzake ukiwaonesha hiyo picha watakwambia ni mkono wake au siyo.